Sukari Iliyowaka Shingoni Mwangu

Kazi yangu ni kutema. Watu hucheka nikisema hivyo, hasa kwenye harusi, mtu akiniuliza ninafanya nini nami nikamjibu kabla hajamaliza kumeza pilau yake. Lakini ndiyo hiyo. Ninaonja kahawa katika kinu kimoja mjini Nyeri. Wakulima wa mlimani huleta kahawa yao, sisi tunaikaanga kidogo, tunaisaga, tunaimwagia maji moto kwenye mabakuli yaliyopangwa mezani, kisha mimi napita na kijiko. Navuta kwa kelele, kelele ambayo mama yangu angenipiga kofi kama ningeifanya mezani kwake, kahawa inatapakaa mdomo mzima, nafikiri kidogo, halafu natema kwenye ndoo. Nikishatema nasema: hii ina uchachu mzuri wa matunda, hii imelala sana kwenye tangi la kuchachushia, hii ilianikwa karibu na mtu aliyekuwa anapaka nyumba rangi. Hiyo ya rangi walinibishia siku nzima mpaka mwenye nyumba akapatikana.

Mtu wa kazi hii ana masharti. Hajipaki manukato, hatumii sabuni ya kunukia, hali kitunguu kibichi asubuhi. Mimi nikajiongezea sharti langu mwenyewe: siogi maji ya moto. Kwetu maji huchemshwa kwa kuni, na maji ya kuni yananuka moshi. Ukiyaoga, moshi unakaa kwenye nywele na shingoni, na kahawa yote ya siku hiyo inakuwa na moshi, sasa wewe utajuaje kama moshi ni wa mkulima au ni wako? Kwa hivyo naoga maji ya bomba, kukipambazuka, iwe Januari, iwe Julai. Tunaishi juu, karibu na msitu, na Julai ukifungua lile bomba unaweza kulia. Mume wangu huvuta blanketi hadi puani na kusema, "Bata ashaingia majini."

Uvimbe niliuona kwenye kioo cha chooni kazini. Ulikuwa chini ya taya, upande wa kushoto, mgumu, hauumi. Koo lilikuwa likinikwaruza upande huohuo kwa muda, nami nilikuwa nimelaumu kahawa ya moto. Daktari wa kwanza akanipa dawa ya tonsili. Wa pili akatazama ndani ya mdomo wangu kwa tochi, akaita mwenzake naye aje atazame. Wakakata kipande. Kipande kikarudi na jibu kwamba ni saratani, imeanzia kwenye tonsili ya kushoto na imeshuka hadi kwenye tezi moja ya shingo, zile tezi zinazovimba mtu akiwa na kidonda.

Niliogopa? Niliogopa sana. Nililia kwenye gari, nikalia jikoni, nikalia kanisani wakati wa matangazo, mahali ambapo hakuna mtu mwenye sababu ya kulia. Lakini mimi nikiogopa huwa nauliza maswali, na nikiuliza maswali woga hupata pa kukaa. Ndiyo sababu daktari wa mionzi kule Nairobi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la pili, alinipenda au alinichoka, sijui lipi lilitangulia.

Alinichorea kichwa kwenye karatasi. Chini ya kila sikio akachora kitu kama kiazi kidogo kilichobonyezwa.

"Hizi ni tezi za mate," akasema. "Kubwa ni hizi mbili, moja kulia, moja kushoto. Ugonjwa wako uko kushoto. Kama uko kushoto peke yake, nitapiga mionzi kushoto, na hii ya kulia nitaiacha salama. Kama umevuka, itabidi nipige pande zote mbili."

"Na ukipiga pande zote mbili?"

"Utapona vizuri tu. Lakini mdomo utakauka."

"Utakauka mpaka lini?"

Akaweka kalamu chini. "Siku hizi tunajua kukwepakwepa, si kama zamani. Lakini kwa wengine haurudi."

Nilimwambia kazi yangu. Nilimweleza kwamba kahawa bila mate haionjeki, kwamba ni mate yanayoibeba ladha na kuisambaza, kwamba ulimi mkavu ni kipande cha ngozi tu. Mume wangu akanigusa kwa kiwiko kwa sababu nilikuwa nimepandisha sauti. Daktari hakukasirika. Akasema tu, "Basi tuangalie vizuri kabla ya kupiga."

Nilikuwa namjua mtu mmoja aliyepigwa mionzi shingo nzima, zamani, kabla ya picha hizi za siku hizi. Husali kanisani kwetu. Hawezi kumaliza wimbo bila kunywa maji. Chupa yake ya plastiki ameishonea mfuko wa kitambaa, na tukialikwa mahali githeri ya mahindi na maharagwe ikaletwa, yeye huila kwa maji, kijiko kimoja funda moja. Ni mtu mcheshi na hajalalamika hata siku moja. Lakini niliporudi nyumbani siku ile nilikuwa naiona ile chupa tu.

Sasa hiyo picha ambayo daktari alitaka nipigwe kwanza. Jinsi nilivyoelezwa, na nilielezwa mara nyingi kwa sababu nilikuwa nataka kuambiwa tena: kila kitu kilicho hai mwilini kinakula sukari, lakini uvimbe wa saratani ni mlafi, unakula kuliko majirani zake. Basi wanakudunga sukari iliyofungiwa chembe ya mionzi, kidogo tu. Unatulia. Sukari inazunguka, kila mlafi anachukua fungu lake, na mashine inapiga picha ya mahali sukari ilipokwenda. Picha za kawaida zinaonyesha umbo, hii inaonyesha nani anakula. Nikaona ni akili safi kabisa. Hata sisi, ukitaka kujua kama hamira iko hai, si unaipa sukari kwanza?

"Na mkishajua nani anakula?"

"Hapo ndipo tunapopiga zaidi," daktari akasema. "Mahali pengine tunapunguza. Na mahali pasipo na kitu hatupigi."

Nilipewa masharti ya siku ya picha. Nisile kitu asubuhi. Nisilime wala kubeba mzigo siku ya kuamkia, maana misuli iliyofanya kazi nayo hula sukari na kuchafua picha. Nisitafune chingamu. Nikishadungwa nisizungumze. Na nivae nguo za joto. Mengine yote niliyashika. Lakini hilo la nguo za joto lilinichekesha. Ati mtu wa Nyeri aende Nairobi na aambiwe avae sweta! Sisi tukishuka Nairobi huwa tunavua.

Siku hiyo tuliondoka mapema. Nilikuwa nimeoga kwenye bomba langu kama kawaida, tena nikajimwagia zaidi, kwa sababu naenda kwa watu. Ilikuwa Julai na ukungu ulikuwa umekaa juu ya majani chai, huoni boma la jirani. Sweta langu lilikuwa limelala karibu na jiko na lilinuka moshi, nikaliacha. Nikavaa blauzi nzuri. Mume wangu aliitazama blauzi, akaenda kuwasha gari. Kioo cha upande wangu kwenye pikapu hakipandi hadi juu, na hewa iliniingia shingoni njia nzima, nami nikaiona ni hewa tamu.

Kule kwenye picha walinilaza kwenye kiti cha kulalia, katika chumba kidogo chenye kiyoyozi. Mashine zao hazipendi joto. Nilikuwa bado sijadungwa. Sista akaja na blanketi.

"Mama, uko na baridi?"

"Hii?" nikasema. "Sista, njoo kwetu nikuonyeshe baridi."

"Si uchukue tu."

"Peana kwa mgonjwa."

Akacheka, akaondoka nalo, nikadungwa, na mimi nikabaki nimelala na mikono wazi, nimejaa maringo. Ni kweli nilikuwa natetemeka kidogo. Nikadhani ni woga.

Jibu lilipokuja tulikaa mbele ya kioo cha kompyuta, daktari, mume wangu na mimi. Nilikuwa nimengoja kuona picha hiyo jinsi mtoto anavyongoja kufunguliwa zawadi, hata kama ndani kuna kitu kibaya. Nikajiona nimesimama pale, kijivu, bila nguo, bila hata ngozi. Ubongo ulikuwa unawaka wote.

"Hiyo ni saratani?" mume wangu akauliza.

"Hapana. Ubongo hula sukari sana. Kila mtu yuko hivyo."

Mume wangu akapumua. "Ndiyo maana sukari haikai kwetu."

Nikamkanyaga. Lakini nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho kucheka siku hiyo. Daktari akashuka shingoni. Kushoto, doa moja kubwa kwenye tonsili, doa dogo chini ya taya, tuliyajua hayo. Halafu akasogeza picha, na nikaona shingo yangu yote. Ilikuwa inawaka pande zote mbili. Kutoka chini ya masikio, kushuka, hadi kwenye mabega, madoa, madoa, kushoto na kulia, mpaka juu ya mfupa wa bega.

"Imevuka," nikasema.

Daktari alikuwa amesogea karibu na kioo, kidevu mkononi. Alitazama kwa muda hadi nikataka kumtikisa.

"Yamelingana mno," akasema hatimaye, kama anajisemea. "Tazama. Kila doa la kulia lina mwenzake kushoto. Saratani haina nidhamu hivi." Akanigeukia. "Asubuhi ya picha ulifanya nini?"

"Sikula. Sikutafuna. Sikubeba kitu."

"Ulivaa nini?"

"Blauzi."

"Ulioga?"

"Daktari, nitakuja kwenu bila kuoga?"

"Maji gani?"

Mume wangu akajibu kabla yangu, akaeleza yote, bomba, ukungu, kioo cha pikapu, blanketi nililolikataa, tena kwa raha ya mtu aliyekaa miaka mingi akingoja mtu wa maana amwulize. Daktari alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu. Mimi sikuona cha kutabasamia hapo.

Ndipo nilipofundishwa kitu ambacho hadi leo nikikifikiria nasema, haiya! Mtoto mchanga hajui kutetemeka. Akipata baridi, ana mafuta fulani shingoni na mgongoni, rangi ya kahawia, yasiyo kama haya ya tumboni ambayo hukaa tu. Haya huchoma sukari ili kumpa mtoto joto. Watu walikuwa wanadhani mtu akikua yanaisha. Kumbe kwa wengine hayaishi, na kwa mtu aliyezoea baridi yanazidi, na akipata baridi yanaamka kama jiko lililopulizwa. Yako hapohapo kwenye shingo na mabega, kulia na kushoto.

"Umeyafuga miaka yote na bomba lako," daktari akasema.

Sitaficha, nilijisikia fahari ya kijinga. Nina jiko shingoni! Mume wangu anavaa soksi mbili na mimi nina jiko! Lakini daktari aliendelea, na fahari ikaisha.

"Shida ni hii. Nadhani mengi ya haya ni mafuta. Lakini katikati ya mwanga huu wote, tezi moja ya shingo, upande wa kulia, ikiwa na ugonjwa, sitaiona. Imejificha kwenye mwanga. Siwezi kuacha upande wa kulia kwa kudhani. Nikikosea, ugonjwa utarudi. Na siwezi kukukausha mdomo kwa sababu ulipata baridi."

"Basi tunafanya nini?"

"Tunarudia. Na safari hii, mama, utakuja ukiwa na jasho."

Tulisubiri nafasi, na kungoja kule ndiko kulikonisumbua kuliko kitu kingine chote. Nilikuwa najipapasa shingo upande wa kulia mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kazini nilionja kahawa kwa uchoyo. Nilikuwa nasogeza kila funda upande wa kulia na kulikalisha hapo kabla ya kulitema. Mwenzangu wa mezani aliniuliza mbona nimeanza kuchelewa kwenye kila bakuli. Nikamwambia anyamaze aandike.

Siku ya pili ya picha, mume wangu aliamka kabla yangu. Nilimsikia nje akivunja kuni, akipuliza, akikohoa, mtu ambaye hajawasha moto tangu mama yake amtoe jikoni. Akaniletea karai la maji yanayotoa mvuke.

"Leo bata anachemshwa," akasema.

Nikaoga maji ya kuni. Ilikuwa ajabu. Sikuwa nimesikia maji ya moto mgongoni kwa miaka, na nilikaa pale hadi yakapoa nusu, nikinuka moshi kama nyama choma. Nikavaa sweta, juu yake sweta, juu yake koti lake la mazishi, shali ya mama yangu, kofia ya sufu. Kioo cha pikapu alikuwa amekiziba kwa katoni na utepe. Aliwasha joto la gari, kile kitu ambacho huwa tunakitumia kukausha vioo, na hadi tunafika Sagana mimi nilikuwa nachuruzika. Niliomba afungue kioo chake hewa iingie kidogo. Akakataa katakata.

"Nakufa joto!"

"Kufa na mate yako," akasema, macho barabarani. Neno lilikuwa limetoka vibaya, na lilikuwa ndilo tulilokuwa tukilifikiria wote wawili.

Sista alikuwa yule yule. Aliponiona nimefungwa hivyo akashika mdomo. Akaleta blanketi, safari hii nikachukua mawili. Wakanipa kidonge cha kuyatuliza hayo mafuta, wakanidunga, wakazima taa. Nililala pale katika joto la kuku anayeatamia, na nikawa naongea na shingo yangu kimoyomoyo, maana kusema haikuruhusiwa. Lala, niliiambia. Hakuna baridi. Usile kitu. Nilitaka kujua sukari iko wapi sasa hivi, imepita kwenye moyo, imefika kichwani, kuna nani huko kulia amenyoosha mkono? Nilitamani kuionja kama ninavyoonja kahawa, nifumbe macho niijue. Haikuwa na ladha yoyote.

Daktari alifungua picha mbele yetu bila kuitazama kwanza. Alisema alitaka tuione pamoja, na mimi nikamwonea hasira na kumshukuru kwa wakati mmoja. Ubongo uliwaka. Tonsili ya kushoto iliwaka. Tezi moja kushoto, chini ya taya. Kulia kulikuwa na giza. Akapandisha picha, akaishusha, polepole, kila kipande. Giza. Mabegani giza. Mume wangu alisimama, akamshika daktari mkono, akakaa, akasimama tena akamshika mkono mara ya pili.

"Kulia hakuna kitu," daktari akasema. "Naacha."

Kutoka hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Walilainisha plastiki yenye matundu kwenye maji moto, wakaibandika usoni mwangu mpaka ikashika sura yangu, pua, nyusi, hata lile kovu la kidevuni. Ilikuwa ya kunifunga mezani nisitikisike. Nilionyeshwa mpango wangu kwenye kompyuta: mstari mwekundu umekumbatia ule uvimbe pale sukari ilipokuwa nyingi zaidi, mstari mwingine mpana zaidi wenye mionzi michache, na kile kiazi cha kulia kimezungushiwa rangi ya kijani, hakuna mstari unaoingia. Nikauliza kama naweza kuipiga picha kwa simu. Ninayo hadi leo, iko kati ya picha za ndama wetu na za ubatizo.

Mashine ya mionzi yenyewe haikufanya kitu cha kushangaza. Ilizunguka, ikanguruma, ikanyamaza. Katikati ya matibabu wakanipiga picha nyingine, uvimbe ukawa umenywea, wakachora mistari upya ili wasipige mahali ambapo hapakuwa na kitu tena. Hilo pia nililipenda. Fundi mzuri wa nguo hukupima tena ukikonda.

Lakini hakuna aliyeniambia, au waliniambia nikawa sisikii, kwamba hata upande mmoja ukipigwa mdomo mzima unakasirika. Vidonda vilinijaa. Nikala uji kwa mrija. Na mate yakaisha. Si kushoto tu, yote. Vidonda vilipopona, nikangoja yarudi, hayakurudi. Nilinunua chupa. Nikaishonea mfuko. Nilipomaliza kushona nikauona mfuko ule mikononi mwangu, nikautupa jikoni, na baadaye nikaenda kuuokota kwa sababu nilikuwa na kiu.

Nilirudi kazini, nikavuta kijiko cha kahawa nzuri ya mlimani, kahawa ambayo ningeijua usingizini. Ilikuwa kama katoni iliyoloweshwa. Nikajaribu bakuli lililofuata, na lililofuata. Niliweka kijiko chini nikaenda kukaa na wanaobandika karatasi kwenye magunia. Nyumbani nilimfokea mume wangu juu ya ugali, kwamba ni mkavu, kwamba anapika kwa ubaya. Alinisikiliza, akaenda kuongeza mchuzi. Nikataka akasirike nami pia, akakataa.

Daktari alinipapasa, akanitazama, akasema ugonjwa hauonekani. Mungu ashukuriwe, na ninamshukuru, sitaki mtu aseme sikushukuru. Nikamwuliza, "Na ile tezi ya mate mliyoiacha?"

"Iko. Ilipata kidogo sana. Ipe muda."

"Na isipoamka?"

"Ipe muda," akasema tena, kwa ile sauti ya darasa la pili, na mimi nikajua hajui.

Nikaanza kuamini kwamba tulijisumbua bure. Lile jasho lote, lile karai, yale makoti. Kulia kulikuwa safi na kulikuwa kumekufa vilevile. Sikumwambia mume wangu. Naye alikuwa analiona.

Ilikuwa siku ya soko. Mume wangu alikuwa na shughuli ya mashine ya maji kule Kutus, tukapitia Kagio kununua nyanya. Akaenda upande wa nyanya, mimi nikabaki nimesimama na chupa yangu karibu na mama mmoja aliyekuwa anauza maembe mabichi. Alikuwa anayamenya haraka bila kutazama, anayakata vipande virefu vyeupe, anavipaka pilipili na chumvi, na wasichana wa shule wamemzunguka. Mmoja wao akauma kipande. Nikasikia kile kishindo kidogo cha embe bichi. Uso wake ukajikunja wote, jicho moja likafumba, akatikisa kichwa, akauma tena.

Kitu kikanichoma chini ya sikio la kulia.

Kilichoma sana, kama sindano, nikashika shavu. Nikafikiri, Ngai wangu, ugonjwa umerudi, umerudi upande wa pili. Nilisimama pale nimebana shavu. Halafu kikachoma tena, na mara hii nikasikia kitu cha uvuguvugu kikitoka kwenye shavu kwa ndani, kikapita kando ya meno, kikajaa chini ya ulimi.

"Mama, unataka ama unaangalia?" yule mama akauliza.

Sikuweza kumjibu, mdomo ulikuwa umejaa. Nilijaribu kusema nataka, mate yakanitoka pembeni ya mdomo, yakateremka kidevuni mbele ya wale wasichana wa shule. Walitazamana. Yule mama akaacha kisu.

"Ni pilipili imekuingia?" akasema. "Unalia."

Mume wangu alikuwa anarudi na nyanya. Akaniona, akaangusha mfuko palepale, akaja mbio huku anatoa leso mfukoni, na kabla sijasema neno alikuwa ameinua mkono anipanguse kidevu. Nikamshika kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote.

"Wacha," nikamwambia. "Wacha kwanza yashuke."